Fomu yangu imerudishwa kwa sababu ya futi na inchi

Kutoka Minneapolis:
Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Fomu yangu ya CDL, yaani leseni ya udereva wa magari makubwa ya biashara, imerudishwa kwa sababu urefu nilioujaza haulingani na ule alioandika daktari. Nilichukua sentimita zangu 172, nikazigawa kwa 30.48, nikapata futi 5.64, nikajaza futi 5 na inchi 6. Daktari aliandika futi 5 na inchi 8. Je, nijaze fomu mpya na kulipa ada tena, au yatosha kusahihisha hii?

Kutoka Columbus:
Pole sana, kaka. Futi moja ina inchi 12, si 10, kwa hiyo ile 0.64 ni inchi 7.68, na daktari yuko sahihi. Hata N-400, fomu ya kuomba uraia, inauliza urefu kwa futi na inchi. Yanasikitisha haya, kwamba nchi hii ya Marekani haijawahi kuikubali metriki, yaani vipimo vya mita na kilo.

Kutoka Dallas:
Dada, tusipotoshane. Metriki ilihalalishwa hapa tangu 1866, na kuanzia 1959 inchi yenyewe imewekwa kuwa milimita 25.4 kamili. Mwaka 1975 Rais Ford alitia saini sheria ya kuhamia metriki, lakini sheria hiyo iliacha kila kitu kiwe hiari, na bodi iliyoundwa kuisimamia ikavunjwa mwaka 1982. Kosa liko hapo kwenye hiari: mwenye kiwanda amekwisha kuhama kwa faida yake, na mwananchi wa kawaida ameachwa na vipimo viwili.

Kutoka Houston:
Wanangu, msije mkadhani kwamba watu hawawezi kuacha vipimo walivyovizoea. Marehemu baba yangu alipima nguo kwa dhiraa, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na nafaka kwa pishi na kibaba. Kisha ikaja kilo, naye akaizoea akiwa mtu mzima mwenye mvi.

Kutoka Seattle:
Shikamoo, mzee. Mimi naomba tuzungumzie dawa, kwa maana urefu ukikosewa hurudishwa fomu tu. Mwanangu alipougua homa nilipewa karatasi inayouliza uzito, nikaandika 22 kama mizani ya kliniki ilivyoonyesha, bila kutambua kwamba mizani ilisoma ratili na karatasi iliuliza kilo. Dozi ya mtoto hukokotolewa kwa kila kilo, na mwanangu alikuwa na kilo 10, hivyo angepewa zaidi ya mara mbili ya kipimo chake. Muuguzi alimtazama mtoto mapajani pangu, akaitazama karatasi, akamrudisha kwenye mizani. Kaka wa Dallas amesema kweli kuhusu hiari: mizani ya kliniki ya watoto ingelazimishwa kusoma kilo peke yake, na ningependa jumuiya yetu iwaandikie wabunge wa majimbo kuhusu hilo kabla ya jambo lingine lolote.