Redio au kipindi mlichokipenda kikizimika, mnafanyaje? Tupeane uzoefu

Mwanzisha mada, Nyawera:
Bukavu yetu, mashariki mwa Kongo, inajua redio kunyamaza. Radio Agatashya ilianza kusikika toka hapa 1994, vita vya 1996 vikaizima. Machi 2025 Sauti ya Amerika nayo ikakatika. Wengi hulalamika juma moja, kisha wanahamia stesheni nyingine na sauti zote zinapotea. Wenye kaseti na wa klabu za wasikilizaji, leteni njia zinazofaa.

Fundi redio, Kadutu:
Anzeni na kaseti, ndizo zinazooza. Vunja vijimeno viwili vya mgongoni ili mtu asirekodi juu yake. Ukiona unga mweupe kwenye utepe, hiyo ni kuvu: usiitie mashinani, itachafua kichwa kinachosoma utepe na kila kaseti itakayofuata. Iliyo safi izungushe mpaka mwisho, uirudishe, ndipo ucheze. Kichwa kipanguse kwa pamba na alkoli ya 90%, kikauke.

Waya wa milimita 3.5 utoke kwenye tundu la spika za masikioni uingie kompyuta, programu ya kurekodi Audacity. Kompyuta yenye tundu moja tu mara nyingi haiusikii waya wa kawaida. Tafuta adapta yenye njia ya maikrofoni. Ukisikia mngurumo usiokatika, chomoa chaja, tumia betri. Kwenye kipimo cha programu sauti isipite -6 dB, maana iliyopasuka wakati wa kurekodi haitengenezeki tena. Saa moja ya WAV mono, faili lisilobanwa, ni kama MB 318; MP3 ya kbps 64, lililobanwa, ni kama MB 29. WAV msiifute.

Klabu ya wasikilizaji, Bagira:
Kabla ya kuandika barua, ulizeni kwa nini kipindi kimefungwa. Kama ni mafuta ya jenereta, mchango wa klabu unaweza kukirudisha. Kama mradi wa mfadhili umekwisha, hata sahihi mia hazitalipa mtangazaji. Hapo ombeni ruhusa ya kunakili vipindi vilivyobaki. Barua iwe ukurasa mmoja, ombi moja, kwa mkurugenzi wa vipindi. Nakala ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, mbaki nayo.

Mwenye duka la simu, Ibanda:
Simu yenye FM inayorekodi haili megabaiti. Waya wa masikioni ndio antena, usiuchomoe. Anza siku ile wanapotangaza kufunga, usingojee kipindi cha mwisho. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku. Kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, jina lisipotee. Kadi za kumbukumbu za bei ya chini hudanganya: juu GB 64, ndani 8, na faili zinazozidi hazifunguki. Ijaze yote kwanza, ujaribu faili la mwisho.

Mwanzisha mada, Nyawera:
Aksanti Papa fundi. Na kaseti isiyo na tarehe?

Fundi redio, Kadutu:
Sikilizeni matokeo ya mpira na habari za mwanzo, tarehe zake hupatikana. Ikishindikana, andikeni mwaka mnaoudhani na alama ya kuuliza. Tarehe ya kubuni msiiandike kabisa.