Mbona Rehema anaweza?

Mjomba Hamisi: Nimesikia mpwa wangu Salim kapewa cheti cha kusahau 😂 Pole sana. Lakini nieleweshwe. Dada yake Rehema naye aliambiwa ana hiyohiyo ADHD, hali ya kukosa umakini na kutotulia, na mbona yeye anaweza? Kazini yupo, watoto wanasoma, nyumba imesimama.

Salim: Shikamoo Mjomba.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Sikusemi vibaya, nauliza tu.

Rehema: Shikamoo Mjomba. Nani kakwambia naweza?

Mjomba Hamisi: Macho yangu.

Rehema: Macho yako yanaishia sebuleni. Chumbani kuna droo imejaa bahasha sijazifungua. Bili, bima, barua za shule. Najua zipo, kila siku naiona hiyo droo, mkono hauendi. Anayelipa ni mume wangu, anayejua tarehe ni mume wangu. Mtoe huyo halafu urudi kuangalia nyumba iliyosimama.

Rehema: Halafu nameza dawa kila asubuhi. Hiyo “anaweza” unayoiona mchana ina dawa ndani yake. Jioni ikishaisha nguvu waulize wanangu.

Zuhura: Wifi umenisemea. Mimi kuwa kalenda ya mume wangu Salim nilishindwa. Sisemi ni mvivu, ila nilichoka.

Salim: Najua.

Asha: Baba, hiyo “mbona fulani anaweza” tunaisikia sana kliniki. Nikitoka zamu nitakujibu vizuri.

Mjomba Hamisi: Jibu sasa hivi, ndiyo faida ya kukusomesha.

Asha: 😂 Haya. Mwongozo wa madaktari wa akili, DSM-5, una orodha mbili: dalili 9 za kukosa umakini, na 9 za utukutu na papara. Mtu mzima anatakiwa awe na angalau 5 katika orodha mojawapo (mtoto 6), baadhi ziwe zilijitokeza kabla ya miaka 12, na zimsumbue zaidi ya sehemu moja, si kazini peke yake. Sasa piga hesabu mwenyewe. Huyu ana tano za kukosa umakini basi, yule ana zote 18. Jina la kwenye faili ni lilelile.

Mjomba Hamisi: Kwa hiyo Salim anazo nyingi kuliko dada yake.

Asha: Ya Salim atasema Salim. Na wingi peke yake hautoshi. Ukali una ngazi tatu, hafifu, wastani na kali, na kinachotazamwa zaidi ni zimemharibia nini. Watu wawili wanajaza dodoso wanapata alama sawa, kumbe mmoja huchelewa mikutano, mwenzake keshapoteza kazi na leseni ya gari.

Salim: Mimi wameandika wastani, upande wa kukosa umakini. Niwape mfano wa Alhamisi. Nimekaa nimalizie ripoti ya kurasa mbili. Nimefungua faili, nikakumbuka kuna baruapepe sijaijibu. Kwenye baruapepe wanataka risiti. Risiti iko kabatini. Kabati limevurugika, nikaanza kulipanga. Saa kumi jioni kabati linang’aa na faili liko wazi, kishale kinapepesa palepale, sijaongeza hata herufi.

Mjomba Hamisi: Si ungeacha tu kabati?

Salim: Mjomba, wakati ule sikujua kama nimeacha ripoti. Ndiyo shida yenyewe.

Rehema: Na mimi kazini hayanikuti kwa sababu wodi ya dharura haikupi nafasi. Mgonjwa yuko mbele yako, mashine inalia, daktari anakuita. Wenzangu wanachanganyikiwa, mimi ndipo kichwa kinatulia. Nipeni ofisi ya kimya na ripoti za mwisho wa mwezi muone. Wiki haiishi nimeshakuwa Salim.

Asha: Hapo ndipo Baba uangalie. Kazi ya Rehema inambeba, ya Salim inamwangusha. Ukiwapima bila kuuliza wanashinda wapi na nani anawashikia nini, umepima nusu. Tena hiyo ngazi inaandika kinachoonekana, haiandiki mtu analipa nini ili asionekane. Wapo walioandikiwa hafifu wanalala saa nane usiku wakirudia kazi ambayo mwenzao kaimaliza mchana.

Mjomba Hamisi: Lakini funguo hata mimi nasahau. Nami ninayo?

Asha: Baba, wewe si unameza vidonge vya presha? Msukumo wa damu kila mtu anao, hakuna anayeishi bila huo. Ugonjwa ni pale unapopanda ukabaki juu mpaka unagusa figo na moyo. Kusahau nako ni hivyo. Wewe ukisahau funguo unacheka, jioni umeshasahau kwamba ulisahau.

Mjomba Hamisi: Hilo nimelielewa. Usilete ya figo humu, shangazi yako ataanza kupiga simu.

Shangazi Tatu: Nawasoma tu wanangu. Marehemu kaka yangu, baba yenu Salim na Rehema, alikuwa hakai. Unamsimulia jambo, katikati ya jambo keshainuka. Kazi alibadilisha mpaka tukaacha kuuliza yuko wapi. Lakini Salim tangu utoto mtulivu mno, utamsahau chumbani. Itakuwaje kitu kimoja?

Asha: Inawezekana kabisa Shangazi. Tafiti za mapacha zinaonyesha urithi unachangia kiasi cha asilimia 70 hadi 80 ya tofauti kati ya watu. Ila hairithiwi kupitia jeni moja. Ni nyingi, kila moja ina mchango mdogo, na kila mtoto anachota fungu lake. Mmoja anatoka na utukutu, mwingine na kuduwaa. Anayeduwaa hamsumbui mwalimu, kwa hiyo hapelekwi popote. Wasichana wengi wamepita hivyo mpaka ukubwani.

Salim: Na utulivu wenyewe ni wa mwili tu Shangazi. Ndani hakunyamazi.

Shangazi Tatu: Pole baba. Hukuwahi kusema.

Zuhura: Asha nina swali. Tulipooana hakuwa hivi. Ilizidi baadaye. Ndiyo kusema inaongezeka?

Asha: Inapanda na kushuka. Kuna utafiti wa Marekani uliwafuatilia watoto wenye ADHD mpaka wakawa watu wazima, matokeo yakatoka 2022. Waliopona moja kwa moja walikuwa kama asilimia 9. Wengi wao, karibu asilimia 64, walikuwa wanapata nafuu kisha dalili zinarudi, nafuu tena, zinarudi tena. Wakati ule Salim alikuwa anafanya kazi wapi?

Zuhura: Ofisini. Bosi anampitia mezani kila asubuhi. Kisha wakaambiwa wafanyie nyumbani, kisha mtoto akaja, usingizi ukaisha.

Asha: Basi umejijibu wifi. Na usingizi huo mwambieni daktari. Kukosa usingizi, kukoroma kwa kukatika pumzi, tezi ya shingo, sonona, vyote vinaweza kuiga ADHD au kuizidisha. Mtu asijipime kwa maswali ya mtandaoni akamaliza.

Mjomba Hamisi: Na dawa? Salim mbona hajapewa kama dada yake? Au yake ndogo?

Salim: Presha yangu iko juu, daktari anataka ishuke kwanza. Dawa hizi zinapandisha presha na mapigo ya moyo.

Asha: Sahihi. Na kipimo cha dawa hakifuati ukali, Baba. Wanaanza chini, wanapandisha taratibu mpaka ikae. Mwenye hali kali anaweza kutosheka na kidogo.

Mjomba Hamisi: Sawa. Hiyo ripoti ya Alhamisi iliishia wapi?

Salim: Niliimaliza usiku. Zuhura alikaa pembeni na kazi zake, hakunisemesha. Akiwepo tu inaenda, sijui kwa nini.

Zuhura: Ila si kila usiku jamani.

Mjomba Hamisi: Mimi nimestaafu, sina haraka. Kuanzia Jumatatu nitakupigia saa tatu asubuhi, tunaiacha simu wazi, wewe na kazi zako, mimi na gazeti langu.

Asha: Baba bila kufoka.

Mjomba Hamisi: Nani anafoka?

Salim: Asante Mjomba. Ila piga saa tatu na robo. Saa tatu kamili nitakuwa natafuta simu.