Mrejesho: Cherehani sikuiuza

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwaomba ushauri: mume wangu ni mgonjwa, kodi ya miezi sita ya chumba chetu cha Mbagala ilikuwa imekwisha, nami niliuliza kama kuuza cherehani yangu kungekuwa ni kukosa imani.

Mmoja wenu alinielekeza kwa nabii Eliya, katika 1 Wafalme 19, aliyelala chini ya mretemu akiomba afe, na ambaye Mungu, kabla ya kumtuma popote, alimpelekea mkate na maji, akala, akalala tena, kisha akaamshwa ale mara ya pili. Sura hiyo nimeisoma mara nyingi, lakini huko kulala tena sikuwahi kukutilia maanani.

Jumamosi nilirudi kwenye jumuiya, ambako nilikuwa nimeacha kwenda kwa sababu ya aibu (kosa langu kubwa, nakiri), nikaeleza yote huku nikiviringisha pindo la kanga kidoleni. Mama mmoja muuza vitumbua alinikabidhi vitambaa vya sare za wajukuu wake, akalipa nusu papo hapo, na wiki hiyohiyo wakaja wengine wawili. Mwenye nyumba amekubali kupokea kodi ya mwezi mmoja mmoja, ingawa kwa manung'uniko.

Mume wangu bado hajapona, na zipo siku ninapopiga magoti nikakosa la kusema. Jana usiku nilishona hadi umeme ulipokatika, nikamalizia vifungo kwa tochi ya simu.