Msaada: emuleta inagandisha kompyuta yenye RAM ya GB 4, nifanyeje?

Mwenye_Duka
Habari za humu wakuu. Nauza nguo, na wateja wangu wengi wananipata WhatsApp na Instagram. Kutwa nzima kwenye kioo kidogo cha simu macho yanachoka, nikaona kazi niihamishie kwenye kompyuta. Jioni mdogo wangu naye anaitaka kwa gemu ya simu ya PUBG Mobile. Mashine ni Core i5 kizazi cha tatu, RAM GB 4, HDD ya GB 500, Windows 10. Nimeshusha emuleta (programu ya kuendesha programu za simu kwenye kompyuta), ikifunguka tu mashine nzima inaganda, hata mausi haisogei. Niongeze RAM, nibadilishe emuleta, au mashine haifai kabisa? Bando la kushusha mafaili makubwa linaniumiza, nisaidieni. Natanguliza shukrani.

Fundi_Chuma
Mkuu, kabla hujatoa hata shilingi, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance kisha CPU, usome kilichoandikwa mbele ya Virtualization. Kama ni Disabled, anzia hapo. Emuleta inaendesha Android nzima ndani ya Windows. Prosesa isiporuhusiwa kuibeba kazi hiyo yenyewe, kila kitu kinaigizwa na programu tupu na mashine inaelemewa. Zima, washa huku unagonga F10 kama ni HP au F2 kama ni Dell, tafuta Intel Virtualization Technology, iwashe, hifadhi. Wenye AMD wataikuta kwa jina la SVM Mode.

Mama_Zawadi
Mimi naanza na hilo duka. Kaka, kwa kazi uliyoitaja huhitaji emuleta. WhatsApp ina programu yake ya Windows na pia inafunguka kwenye kivinjari. Unaskani msimbo kwa simu, na akaunti moja inakubali hadi vifaa vinne vya nyongeza. Instagram nayo inafunguka kwenye kivinjari, unajibu meseji na kupandisha picha humo humo. Ukiisajili namba yako ya WhatsApp upya ndani ya emuleta, simu yako itatolewa kwenye akaunti, na wateja watakuwa wanakutafuta. Programu za benki ndiyo usiziguse huko kabisa. Nyingi hukataa kufunguka kwenye emuleta, na emuleta iliyoshushwa kwenye tovuti usiyoijua inaweza kuondoka na nywila zako.

Kijana_wa_Gemu
Linabaki gemu. Emuleta ya Tencent, kampuni yenyewe ya PUBG Mobile, ni GameLoop. Mwambie dogo atapangwa na wengine wanaotumia emuleta, maana gemu inaitambua. Asije akadanganywa na video za kuificha, akaunti itafungiwa. Google Play Games ya kompyuta iache, inataka RAM GB 8 na SSD (diski yenye kasi kuliko HDD). Na ukikutana na maelekezo ya kuweka Android ya Microsoft kwenye Windows 11, yapite: huduma ile ilisitishwa Machi 2025.

Linux_Daima
Achaneni na Windows. Weka Bliss OS, Android iliyotengenezwa kwa kompyuta, kwenye flashi, washa mashine kupitia flashi, RAM yote inaenda kwa Android.

Fundi_Chuma
Linux_Daima, sikubaliani na wewe. Programu nyingi za simu zimeandikwa kwa prosesa za ARM, aina inayotumika kwenye simu, na mashine yake ni Intel. Zinahitaji kutafsiriwa, na gemu nzito ndizo zinazogoma mara nyingi. Mtu wa duka hatakiwi kuanza kuhangaika na Wi-Fi isiyosoma.

Kebo_Moja
Mbona hakuna aliyetaja scrcpy? Ni ya bure, ndogo, na haifanyi Android nyingine: inaonyesha simu yako kwenye kioo cha kompyuta, unaandika kwa kibodi na kubofya kwa mausi. Fungua mipangilio ya simu, gonga namba ya toleo mara saba, washa USB debugging, chomeka kebo. Inakubali kuanzia Android 5, na sauti inapita kuanzia Android 11. Kazi yote inafanywa na simu, kwa hiyo hata mashine dhaifu inaimudu, na bando haliliwi na kebo. Simu ikicheza gemu muda mrefu itapata moto, hilo lizingatie.

Mwenye_Duka
Wakuu, Mungu awabariki. Virtualization ilikuwa imezimwa kweli. Nimeiwasha, emuleta sasa inafunguka na mausi inasogea. Duka nimelihamishia kwenye kivinjari kama alivyosema dada. Ila gemu bado inakwamakwama.

Fundi_Chuma
Hapo sasa ni RAM. Watengenezaji wa emuleta ya BlueStacks 5 wenyewe wanataja GB 4 kuwa kiwango cha chini na kupendekeza GB 8, na Windows inachukua sehemu kubwa ya hizo ulizonazo. Kwa sasa ipe emuleta kori mbili na RAM GB 2, shusha ukubwa wa picha hadi 960 kwa 540, fremu 30, na funga kivinjari dogo anapocheza. Hela ikipatikana, ongeza GB 4 nyingine kwanza, SSD ifuate. Kizazi cha tatu kinatumia RAM ya aina ya DDR3. DDR4 haiingii kwenye nafasi yake. Chomoa iliyopo, nenda nayo dukani, mzilinganishe kabla hujalipa.