Mliowahi kwenda SQLSaturday au makongamano mengine ya bure ya watu wa databesi, tupeane uzoefu

Mleta mada, Dallas
Wakuu habari za wikiendi. Niko huku Texas, natoka kwenye uhasibu nahamia mambo ya data. Kuna jamaa kazini kaniambia niende SQLSaturday, kiingilio bure, unachangia msosi wa mchana tu. Sasa mimi cha bure huwa nakiogopa, nani kawahi kwenda? Wanauza nini pale?

Mdau wa Atlanta
Bidhaa ni wewe mkuu, hahaa. Lakini nenda. Ile kitu ilianza 2007 Orlando, Florida, wanaoendesha wanajitolea, watoa mada hawalipwi, na ukumbi mara nyingi ni chuo ambacho Jumamosi madarasa yako matupu. Hela inatoka kwa makampuni yanayouza programu za bakapu na za kuchungulia seva, wanaweka meza, ukipita wanaskani beji yako unaingia kwenye bahati nasibu ya jioni. Jumatatu imeli zinaanza kumiminika. Jisajili na imeli ya pembeni, ya kazini iache kabisa.

Mdada wa Minneapolis
Mi nakwambia uzuri wote uko koridoni. Nilikuwa na ripoti inanitoa jasho kazini, asubuhi inakuja fasta, mchana inakwama mpaka madaktari wanapiga simu, na ni kweri (lile ombi unaloiandikia databesi ikupe data) ile ile seva ile ile. Nikaingia darasa moja mtoa mada anaongelea hicho hicho, kwamba SQL Server, ile programu ya databesi ya Microsoft, ikipokea kweri mara ya kwanza inatengeneza plani, yaani njia ya kuzitafuta hizo data, kwa kuangalia thamani uliyoipa muda huo halafu inaitunza, kwa hiyo wa kwanza kuomba akiwa kliniki ndogo yenye wagonjwa wachache, plani iliyowafaa hao wachache ndo inakuja kutumika hospitali kubwa yenye rekodi kibao ikiomba, hapo lazima ife. Kipindi kilipoisha nikamfuata kwenye kahawa, nikamchorea majedwali yangu kwenye karatasi, akakaa na mimi mpaka kipindi kingine kikaanza, akanielekeza niwashe Query Store, sehemu ya SQL Server inayotunza historia ya kweri na plani zake, ipo tangu toleo la 2016. Nilivyoiwasha kazini nikaziona plani mbili za kweri moja, moja ya haraka moja ya kobe. Mtu kama yule ukimkodi anachaji kwa saa, mimi nimempata kwa kahawa ambayo hata hiyo sikuinunua.

Mdau wa Nairobi, kwa sasa Brussels
Huku kwetu kuna FOSDEM, kongamano la watu wa programu huria, kila mwaka kwenye chuo cha ULB, hiyo hata kujisajili hakuna, unaingia tu. Watu wa PostgreSQL, ile databesi huria, huwa wanapatikana huko. Shida ni vyumba, kikijaa mlango unafungwa na hata ubembeleze vipi huingii. Ukiona mada unayoitaka, ingia kipindi kinachotangulia ukalie kiti.

Mdau wa Houston
Me niliboeka bana. Nusu ya mada zilikuwa za watu waliokomaa, indeksi sijui nini, nikatoka kapa.

Mdada wa Minneapolis
@Houston ratiba huwa inaandika kabisa hii ya wanaoanza hii ya wazoefu, uliisoma kweli kaka?

Mdau wa Atlanta
Halafu tusisahau SQLSaturday ilikuwa ife. Ile jumuiya mama, PASS, ilifungwa Januari 2021, kampuni ya programu ya Redgate wakanunua mali zake, SQLSaturday ikarudi mikononi mwa wanajamii, na wengine wakaanzisha Data Saturdays zao. Kwa hiyo ukitafuta tafuta majina yote mawili.

Mleta mada, Dallas
Shukrani sana wakuu, nimejisajili. Sasa naona kuna kitu cha Ijumaa, siku nzima, nacho bure?

Mdau wa Atlanta
Hicho kinalipiwa, ni mafunzo ya mada moja kutwa nzima. Kama kazini wana bajeti waombe walipe, vinginevyo Jumamosi inakutosha.

Mleta mada, Dallas
Poa. Navaa suti?

Mdada wa Minneapolis
Suti ya nini sasa 😂 vaa raba, utatembea. Na chapisha tiketi yako na beji nyumbani, foleni ya asubuhi sio ya kitoto.