Tairi za magari yenye nguvu hapa Mombasa: tupeane uzoefu

Mwana wa Nyali
Assalam aleikum, hamjambo nyote. Mvua ya juzi imenitia kiwewe. Pale Buxton taa iliwaka kijani, Crown Athlete iliyokuwa mbele yangu ikakanyagwa mafuta, nyuma ikakimbia na gari likageuka likabaki latutazama sisi. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Nilipopita kando yake nikaangalia tairi za nyuma: zina meno mazuri tu, wala si kipara.

Mie nina Subaru STI ya 2008, nguvu za farasi 308 ilivyotoka kiwandani, tairi 245/40R18, na zote nne zimefika kwenye alama ya kubadilishwa. Wenye Subaru, Mark X, Evo, Golf, mumevaa nini na kimewafika nini? Msinitajie jina la kampuni peke yake. Nataka kusikia ilivyokuwa kwenye maji, kwenye joto la kaskazi, kwenye kabro za mitaani, na huko Changamwe kwenye malori.

Fundi wa Kongowea
Ndugu yangu, meno marefu si dalili ya tairi nzima. Tairi huzeeka hata ikikaa stoo. Mpira ukikauka unakuwa mgumu, na mpira mgumu kwenye lami yenye maji haushiki kitu hata meno yawe na milimita 7. Tazama ubavuni palipoandikwa DOT, soma tarakimu nne za mwisho. 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Na jambo ambalo wateja wangu wengi hawalijui: mara nyingi tarehe huandikwa upande mmoja tu wa tairi. Muuzaji mjanja huifunga upande ule ukaelekea ndani, chini ya gari. Ukiangalia nje huoni kitu, na yeye anakuapia kuwa ni ya mwaka jana. Mwambie aitoe kwenye rimu au inama na tochi.

Kaka wa Changamwe
Hilo la kugeuza tarehe ndani nimelishuhudia kwa macho yangu. Ongeza na ile rangi nyeusi ya kung'arisha. Inaziba nyufa, tairi inameta.

Binti Mtwapa
Nilikuwa nasoma tu, lakini hiyo habari ya tarehe kugeuzwa ndani imenitoa machozi, basi nami niseme.

Binamu yangu alinunua Mark X 350S. Mnaijua: lita 3.5, farasi 318, inasukuma kwa nyuma. Gari lilikuja na tairi za nyuma "karibu mpya", muuzaji alisema zimebadilishwa wiki ileile. Tulikuwa na harusi Malindi. Akasema tutangulie na gari lake: yeye, mie mbele, nyuma bibi yetu mzaa mama na mamangu mdogo. Bibi alikuwa amepakata sinia la halua, alikataa katakata lisiwekwe kwenye buti, akisema litapinduka.

Tulipita Mtwapa kukavu. Kufika Vipingo, kwenye mashamba ya mkonge, mvua ikaanza, ile ya vuli ya kwanza baada ya kiangazi kirefu. Waendeshao njia ile wanajua: mafuta na vumbi la miezi vinaelea juu ya lami, barabara yote inakuwa utelezi. Binamu hakuwa anakimbia. Kulikuwa na lori mbele, akaona nafasi, akatoka kulipita, akaongeza mafuta kidogo. Gia ikashuka yenyewe, nguvu yote ikaja kwa mkupuo.

Wallahi sikusikia kishindo wala kelele. Nilihisi tu kiti changu chaenda kando. Kioo cha mbele kikawa kinaonyesha mkonge, halafu lile lori, halafu mkonge tena. Binamu alikuwa akiusokota usukani na gari halimsikii. Nilimsikia bibi nyuma anasoma Ayatul Kursi kwa sauti ya kawaida kabisa, kama yuko kwenye mswala wake. Upande wa pili matatu ilikuwa inakuja na taa zake zote. Ilipita. Mpaka leo sijui ilipitaje, naamini ilikuwa ni ile aya. Sisi tukaingia kinyumenyume kwenye mkonge, ile miba ikachana mlango mzima wa upande wangu, gari likasimama.

Watu wa shambani walikuja na mapanga wakatukatia njia. Fundi aliyetuvuta ndiye aliyelala chini akasoma tarehe: 0911. Wiki ya 9 ya mwaka 2011. Upande wa ndani. Na meno yale yalikuwa yamechongwa upya kwa kisu cha moto, ndiyo maana yalionekana marefu. Yaani chini ya ile mitaro palibaki utando wa mpira tu, karibu ufikie waya.

Binamu alimrudia muuzaji. Akaambiwa gari liliuzwa "lilivyo". Mie naomba mtu yeyote anayesoma hapa: usimpakie mamako kwenye gari lenye nguvu kabla hujasoma zile tarakimu nne.

Mzee wa Ganjoni
Subhanallah. Pole sana mwanangu. Na bibi je?

Mark X Bamburi
Pole dada. Halua ilisalimika?

Mama Zuhura
Wewe Bamburi huna adabu, watu wamenusurika kufa wauliza halua? Lakini Binti Mtwapa, halua je? 😂

Binti Mtwapa
Bibi yu mzima, ana umri wake na bado anafunga Jumatatu na Alhamisi. Halua haikumwagika hata kipande, alikuwa ameikumbatia sinia nzima. Ililiwa Malindi siku hiyohiyo, tulipelekwa na probox.

Kaka wa Changamwe
Bibi kama huyo ndiye wa kukaa naye garini. Naomba namba yake niende naye Voi.

Mzee wa Ganjoni
Turudini kwenye tairi, jamani. Mwana wa Nyali, ushauri wangu: kama mfuko haujatosha, badili mbili tu sasa, uziweke mbele. Mbele ndiko kwenye usukani na breki nyingi.

Fundi wa Kongowea
Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo nakupinga. Tairi nzuri zaidi ziende nyuma. Mbele ikiteleza, gari linaenda moja kwa moja na ukiachia mafuta lina nafasi ya kurudi. Nyuma ikiteleza ndiyo hayo ya Vipingo, gari linazunguka na dereva wa kawaida halikamati tena. Na huyu ana Subaru, si Mark X. Subaru inasukuma kwa magurudumu yote manne. Ukiweka mbili mpya na mbili zilizolika, mzingo unatofautiana na difu ya katikati, ile gia inayogawa nguvu mbele na nyuma, inafanya kazi muda wote kana kwamba gari linapinda kona isiyoisha. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzingo isizidi kama milimita 6. Hizo ni nne kwa mpigo au usubiri.

Mzee wa Ganjoni
Nimeendesha tangu zama za Peugeot 504, mpya nazitia mbele na nipo hai.

Fundi wa Kongowea
504 haikuwa na farasi mia tatu, mzee wangu.

Golf Tudor
Fundi yuko sawa juu ya Subaru. Ila muuliza swali, usisahau kuangalia herufi ya mwendo. V ni kilomita 240 kwa saa, W ni 270, Y ni 300. STI isiende chini ya W.

Kaka wa Changamwe
Hii nayo ni kuwapoteza watu pesa. Sheria inasema 110 barabara kuu na 50 mjini. Nani anakwenda 270 Mombasa? Labda ukianguka baharini.

Golf Tudor
Herufi ile haikwambii ukimbie. Inakwambia tairi imejengwa kustahimili joto kiasi gani. Tairi ya herufi ya chini ubavu wake ni laini, ukiingia kona na gari zito lenye nguvu inajikunja. Halafu uko Mombasa, mchana wa Februari lami inachoma nyayo.

Kaka wa Changamwe
Ndiyo maana wakati wa kaskazi mie hupunguza upepo. Joto likiongeza presha, tairi isipasuke.

Fundi wa Kongowea
Hapana, hapana, hapana! Naomba hili lisomwe na kila mtu. Tairi yenye upepo mchache ndiyo inayopasuka. Ubavu unajikunja kila mzunguko, kule kujikunja ndiko kunakozaa joto, mpira unaachana na waya. Presha inapanda kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto, na waliotengeneza gari walishalihesabu hilo. Pima asubuhi kabla hujaondoka, fuata kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ukipima mchana ukitoka Mazeras ukaona imepanda, usiitoe.

Kaka wa Changamwe
Miaka yote hiyo na sijapasukiwa.

Mama Zuhura
Wewe huna Subaru, una Vitz. Nakujua.

Evo wa Mikindani
Nimekaa kimya lakini mie ndiye mwenye gari linalokaribiana na la muulizaji. Mitsubishi Evo X, tairi 245/40R18 vilevile. Nitasema nilichokiona.

Kwanza nilivaa tairi ngumu, za kudumu. Kwenye yale maandishi ya ubavuni, TREADWEAR, yaani namba ya kukadiria tairi itadumu kiasi gani, ilikuwa zaidi ya 500. Kudumu kweli zinadumu, lakini kwenye mvua kila breki ya nguvu inaamsha ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasigande. Sasa navaa Michelin Pilot Sport 4S, ambayo imeandikwa 300. Gari ni jingine kabisa. Kwenye maji ya Kibarani linashika na breki zinauma. Zinalika haraka zaidi, sikatai, na bei inaumiza.

Kuna wenzetu wanapenda za laini zaidi, kama Yokohama Advan Neova AD08R, iliyoandikwa 180. Kwenye lami kavu hizo ni moto. Lakini tairi za jamii hiyo zina mitaro michache, na Mombasa ikinyesha kidogo tu barabara zinajaa maji yaliyotuama. Za mashindanoni kabisa ziacheni kwa wenye gari la Jumapili. Sisi tunapeleka watoto madrasa.

Na zile namba za TREADWEAR kila kampuni inajipimia yenyewe, kwa hivyo 300 ya huyu si lazima iwe 300 ya yule. Tazama pia TRACTION, AA ndiyo ya juu. Hicho ni kipimo cha breki kwenye maji, njia iliyonyooka. Cha kona hakimo.

Mark X Bamburi
Kwani upana je? Mie nilidhani nikiweka 275 nyuma mambo yote yamekwisha.

Evo wa Mikindani
Kwenye kavu, sawa. Kwenye maji yaliyotuama tairi pana inaelea mapema kuliko nyembamba, kwa sababu ina maji mengi zaidi ya kusukuma kando.

Mwana wa Nyali
Ahsanteni sana. Binti Mtwapa, pole sana, nimesoma mara mbili. Swali: rimu yangu moja imeshapinda kwa shimo njia ya Jomvu, na tairi iliyokuwa hapo imetoa uvimbe ubavuni. Nikae na rimu ya inchi 18 au nishuke 17?

Fundi wa Kongowea
Tairi yenye uvimbe itoe leo. Uvimbe ni nyuzi za ndani zimekatika, na ubavu hauzibiki na fundi yeyote. Asije mtu akakudanganya kwa tyubu.

Kushuka 17 ni wazo zuri kwa barabara hizi. 245/45R17 kipenyo chake kinatofautiana na 245/40R18 chini ya milimita 1, kwa hivyo spidomita haitadanganya, na unapata ubavu mrefu zaidi wa kumeza mashimo. Ila STI ina breki kubwa za Brembo. Si kila rimu ya 17 inazipita, ijaribu kwanza kabla hujalipa. Na usisahau namba ya mzigo: 94 ni kilo 670 kwa tairi moja, usichukue iliyo chini ya ilivyoandikwa kibandikoni.

Mama Zuhura
Na chumvi! Sisi wa Likoni rimu zinaliwa na upepo wa bahari, ukingo unafanya kutu, kila Ijumaa tairi imelala. Fundi akifunga mpya aisugue rimu kwanza pale mpira unapokaa. Mume wangu alilaumu misumari muda mrefu sana.

Golf Tudor
Kweli kabisa. Pia mwambie aangalie mshale. Zenye mshale zifuate mzunguko, na zilizoandikwa OUTSIDE upande huo uwe nje. Nilikuta Subaru moja yenye mishale inayotazamana.

Mtumba Mwembe Tayari
Hamjagusa mtumba. Mie nachukua Michelin kutoka Japani, nusu ya bei, kuliko mpya nisiyoijua jina.

Evo wa Mikindani
Ina mwaka gani?

Mtumba Mwembe Tayari
Sijaangalia.

Binti Mtwapa
Nenda kaangalie sasa hivi, tafadhali. Tutakungoja.

Mtumba Mwembe Tayari
Mbili ni 3517. Mbili sioni kitu upande wa nje.

Fundi wa Kongowea
Hizo mbili njoo nazo kesho asubuhi, nitakupandishia gari bure usome mwenyewe. Usiende nazo mbali.

Mwenye BMW Nyali
Samahani nimechelewa. Langu lilikuja na tairi za ranfleti, zile zinazoweza kwenda kidogo hata zikiisha upepo, ubavu mgumu, kila tuta najisikia mgongoni. Nikivaa za kawaida kuna shida?

Golf Tudor
Hakuna, watu wengi wamefanya na gari linakuwa laini. Lakini BMW za ranfleti nyingi hazina spea. Weka pampu ya umeme na ile kamba ya mpira ya kuziba pancha, na ubadili zote nne, usichanganye.