Mizinga ya Königsberg: ilifikaje nchi kavu?

Mwana wa Mvita: Ndugu zangu, nawasalimu. Juzi niliwapeleka wanangu Fort Jesus, Mombasa, tukasimama mbele ya mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, uliowekwa pamoja na wa Pegasus, manowari ya Kiingereza. Mdogo wao aliupapasa mtutu uliopata moto wa jua, akaniuliza mzinga wa meli ulikuwa ukitafuta nini nchi kavu. Nilishindwa kumjibu. Naomba mwenye kujua anisaidie.

Mzee wa Forodhani: Ndugu, mizinga hiyo ni ya mahasimu waliokwisha kupambana katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliikuta Pegasus imetia nanga Unguja ikitengenezwa mitambo, ikaanza kuipiga kutoka mbali. Kwa upana wa mtutu hawakupishana sana, kwani mmoja ulikuwa wa milimita 105 na mwingine wa inchi 4; kilichoiangamiza Pegasus ni masafa, maana makombora yake yalianguka majini kabla ya kumfikia adui, ilhali ya Wajerumani yalitua sitahani. Ikazama siku hiyo hiyo.

Mkazi wa Rufiji: Naongezea habari za kwetu. Baada ya hapo Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji, ambako manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina kifupi cha maji. Julai 1915 zikaletwa Severn na Mersey, meli za kina kifupi zenye mizinga ya inchi 6. Mikoko iliwaziba macho wapigaji, hivyo ndege ilizunguka juu na kuwaarifu kwa redio kila kombora lilipoangukia. Tarehe 6 walishindwa. Tarehe 11 ndege yenyewe ilipigwa, na hata ilipokuwa ikishuka kuanguka majini rubani na mwenzake waliendelea kutuma masahihisho; siku hiyo mabaharia wa Königsberg waliilipua meli yao wenyewe. Kwangu mimi, ndege ile ilikuwa na thamani kuliko mzinga wowote uliokuwapo.

Msomaji wa Kigoma: Sasa tumjibu mtoto. Meli ilizama, lakini mizinga yake yote kumi iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikatengenezwa katika karakana ya reli na mingi ikawekewa magurudumu. Mmoja ulifungwa kwenye Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, meli tunayoijua leo kwa jina la MV Liemba. Mingine iliingia katika jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki, na hadi mwaka 1917 baadhi bado ilikuwa ikipigwa huko kusini. Waingereza nao waliiopoa ya Pegasus wakaitumia nchi kavu. Mwambie pia kwamba mtutu alioupapasa una uzito wa zaidi ya tani moja, na kwamba mahali pasipo na reli mizinga kama huo ilivutwa kwa kamba na mamia ya wapagazi wa Kiafrika, porini na matopeni.